Kulala Stesheni: Canfranc, Tokyo au Daraja la Selati?

Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi wa 12. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaja kitenge wala sherehe. "Nataka kulala stesheni," alisema. "Usiku mmoja tu. Halafu mnirudishe nyumbani."

Sisi wanawe tulinyamaza, maana tulimwelewa. Mama aliolewa na gadi wa reli, akaishi kwenye kota za reli hapa Tanga miaka 26, na kwa miaka yote hiyo saa ya ukutani ilikuwa pambo. Muda aliujua kwa treni. Marehemu baba akiwa zamu ya Korogwe au Mombo, mama hakufunga mlango mpaka asikie honi ya kurudi. Treni za abiria zilipokoma kwenye njia yetu, alianza kukosa usingizi kwa sababu ya kimya.

Tuko watatu, na kila mmoja amekuja na lake. Kaka anataka tumpeleke Hispania, kwenye stesheni ya Canfranc iliyogeuzwa hoteli. Mdogo wetu wa kike aliwahi kusoma Japani, anasema hakuna kama Tokyo. Mimi niliitaja Afrika Kusini, ambako kuna mabehewa yaliyosimamishwa juu ya daraja yakawa vyumba. Wiki mbili tumebishana kwenye kundi la familia mpaka shangazi akajitoa. Ndipo nikakaa nikaandika ulinganisho huu. Kwanza ulikuwa wetu, lakini nimeshakutana na watu wengi wenye swali hilihili: wanaopanga fungate, wanaotumwa nje kikazi wakabakiwa na siku mbili, watoto wa wafanyakazi wa reli kama sisi.

Kabla ya kuchagua mahali

Mtu akisema anataka kulala stesheni, huenda anataka moja ya mambo matatu. Huenda anataka jengo: ukumbi mrefu, saa kubwa, dirisha la tiketi, dari la juu linalorudisha sauti. Huenda anataka treni zenyewe, tangazo, watu wanaoingia na kutoka na mizigo. Au anataka behewa, kitanda chenye dirisha miguuni na mlango wa kusukuma pembeni. Mara chache mambo hayo matatu hukaa pamoja. Stesheni nyingi zilizogeuzwa hoteli zilipata nafasi hiyo kwa sababu treni zilishaondoka, kwa hiyo anayefuata jengo hupata jengo pamoja na kimya chake. Ukikosea hapo utalipa pesa nyingi na kurudi na kinyongo.

Ukishajua unataka lipi, pima kila mahali kwa mizani ileile. Mimi nimeangalia jengo na historia yake, usiku unavyokuwa, safari na karatasi zake, kisha mfuko. Chakula na swala nimevichanganya humohumo, kwa sababu kwa mtu wa Tanga haviachani na safari.

Tahadhari moja. Neno stesheni kwenye jina la hoteli halitoshi. Ile hoteli maarufu ya St Pancras, London, ilijengwa iwe hoteli ya kampuni ya reli tangu mwanzo. Ilifunguliwa mwaka 1873, ikafungwa 1935, ikarudi 2011, na sehemu kubwa ya vyumba vyake vya sasa iko kwenye jengo jipya lililoongezwa pembeni. Ni mahali pa heshima, sina neno nalo, ila aliyekwenda kutafuta kuta za zamani anaweza kulala kwenye kuta za juzi. Popote utakapochagua, uliza maswali mawili kabla ya kulipa: chumba changu kiko jengo la zamani au la nyongeza? Na dirisha la tiketi lilikuwa wapi? Hoteli inayojali historia yake italijibu la pili kwa furaha.

Canfranc, Hispania

Jengo na historia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojikuta nasoma mpaka usiku wa manane.

Canfranc iko kwenye milima ya Pyrenees, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, jirani na mpaka wa Ufaransa. Stesheni ilifunguliwa Julai 1928, Mfalme Alfonso XIII wa Hispania na Rais Gaston Doumergue wa Ufaransa wakihudhuria. Ina urefu wa mita 241, zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikipangwa kwa urefu. Ukiona picha yake utajiuliza kijiji kidogo vile kilihitaji stesheni kubwa hivyo kwa kazi gani.

Jibu lake mtu wa reli atalielewa mara moja. Reli ya Hispania ina upana wa milimita 1,668 na ya Ufaransa 1,435. Treni ya upande mmoja haikuweza kuendelea upande wa pili, kwa hiyo kila abiria na kila gunia lilishuka, likapita forodha, likapanda treni nyingine. Jengo lilikuwa na upande wa Wahispania na upande wa Wafaransa, na polisi wa nchi mbili chini ya paa moja. Reli yetu ya Tanga ni ya mita moja, sawa na ya Kati na sawa na ile ya zamani ya Kenya. Ndiyo maana Waingereza walipounganisha Voi ya Kenya na Kahe ya kwetu karibu na Moshi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mabehewa yaliweza kupita moja kwa moja. Canfranc haikubahatika hivyo.

Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, wakimbizi walipita pale kutoroka Ulaya iliyotekwa, na dhahabu iliyotoka kwa Wajerumani ikapita palepale. Kisha tarehe 27 Machi 1970 treni ya mizigo iliporomoka upande wa Ufaransa na kubomoa daraja la L'Estanguet. Daraja halikujengwa tena. Kwa ajili ya daraja moja, njia nzima ya kimataifa ikafa, na lile jengo likakaa zaidi ya miaka 50 likivuja. Sisi tulioona majani yakiota katikati ya mataruma hatuhitaji kuelezwa hali hiyo. Hoteli ilifunguliwa Januari 2023 ikiwa na vyumba 104, na ukumbi wa abiria ndio mapokezi ya sasa.

Usiku. Kimya cha mlimani. Treni chache za kutoka Zaragoza bado zinafika, lakini zinasimama kwenye stesheni mpya ndogo iliyojengwa jirani. Usitarajie honi ya alfajiri. Utapata ushoroba mrefu, taa za rangi ya asali, na theluji dirishani ikiwa ni msimu wake.

Safari na karatasi. Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na maombi yake hayataki haraka: taarifa za benki, bima, barua ya kazi, tiketi ya kurudi. Ukishatua Madrid, treni ya kasi inakufikisha Zaragoza kwa zaidi kidogo ya saa moja, halafu unapanda treni ya taratibu inayokwea mlima kwa saa kadhaa. Kaka anaiona hiyo sehemu ya mwisho kama usumbufu. Kwangu ni nusu ya raha, kwa sababu unafika kwenye stesheni kwa njia iliyokusudiwa.

Mfuko. Ni hoteli ya nyota tano na bei yake ni ya nyota tano. Msimu wa kuteleza kwenye theluji hupanda zaidi. Vyakula vya Aragon, jimbo ilipo Canfranc, vina nguruwe kila kona, kwa hiyo asiyekula aseme tangu siku ya kuweka nafasi, na aulize tena anapofika.

Inamfaa nani. Mpenda majengo na historia, wanandoa wanaotaka utulivu, mtu anayeweza kukaa kwenye kiti saa mbili akitazama dari akaridhika. Mzee mwenye kifua cha baridi aende Juni au Septemba. Mtoto wa miaka 7 atachoka siku ya kwanza.

Nyongeza kwa wenye ndugu Marekani: kabla ya kuhangaikia Pyrenees, tazama stesheni ya St. Louis, Missouri. Ilifunguliwa mwaka 1894, treni ya mwisho ya abiria ikaondoka 1978, hoteli ikaanza 1985. Ukumbi wake mkuu una dari lililopinda kama tao lenye urefu wa kama mita 20 kwenda juu, na lango ambalo mtu akinong'ona upande huu, mwenzake aliye upande wa pili anasikia. Ndipo pia Rais Harry Truman alipopigwa ile picha ya mwaka 1948 akiwa ameshika gazeti lililotangaza kwamba ameshindwa uchaguzi ambao alikuwa ameshinda. Leo kuna jumba la samaki na gurudumu kubwa la kupandia, kwa hiyo watoto wanapata lao. Utulivu wa Canfranc hutaupata.

Tokyo, Japani

Jengo na historia. Stesheni ya Tokyo ilifunguliwa Desemba 1914. Mwezi mmoja kabla, Novemba 1914, hapa kwetu vita ya Tanga ilikuwa imepiganwa, na askari wengi wa jeshi la Wajerumani waliowazuia Waingereza kuuteka mji waliletwa kwa treni kutoka Moshi. Kila nikiuona mwaka huo kwenye maelezo ya Tokyo, naikumbuka stesheni yetu.

Msanifu wake aliitwa Tatsuno Kingo. Alijenga kwa matofali mekundu juu ya mifupa ya chuma, urefu mita 335, na kuba mbili kaskazini na kusini. Hoteli iliingia ndani yake mwaka 1915 na imo mpaka leo. Kwa hiyo Tokyo haikugeuzwa hoteli. Ni stesheni iliyokubali kulaza watu bila kuacha kazi yake. Jengo lilistahimili tetemeko kubwa la mwaka 1923. Mabomu ya Mei 1945 ndiyo yaliyoliunguza, kuba na ghorofa ya tatu vikaenda. Wajapani walilirudisha kwa haraka likiwa na ghorofa mbili na paa la kona kona, na likakaa hivyo miaka 60. Ukarabati uliomalizika 2012 ulirudisha kuba na ghorofa ya tatu kama zilivyokuwa.

Pesa ya ukarabati ilipatikanaje? Sheria za Tokyo zinaruhusu mwenye kiwanja kujenga kwenda juu mpaka kiwango fulani. Stesheni ilikuwa fupi, kwa hiyo ilikuwa na urefu ambao haijautumia. Kampuni ya reli iliuza haki ya urefu huo kwa majengo ya jirani, yakapanda juu zaidi, na fedha ikarudisha matofali ya mwaka 1914. Nawaomba wenye mamlaka juu ya majengo yetu ya kale wasome habari hii kwa makini. Kuhifadhi jengo kuna njia nyingi za kulipiwa kuliko kuomba msaada.

Usiku. Vyumba ni 150. Kuna vinavyotazama kuba kwa ndani, na hivyo ndivyo vya kuomba: unasogeza pazia, unaona chini ukumbi ambao abiria wanapita kama maji ya mfereji, nawe umevaa malapa ya kulalia. Treni zaidi ya 3,000 huhudumia stesheni ile kwa siku. Lakini usidhani utazisikia kitandani, madirisha yamefanya kazi yake. Anayetaka sauti ashuke chini akanunue tiketi ya kuingia jukwaani bila kusafiri, inauzwa kwa bei ndogo sana, akasimame pembeni ya Shinkansen, treni ya kasi ya Kijapani, inapoingia. Treni husimama usiku wa manane na kuanza tena alfajiri.

Safari na karatasi. Viza inahitajika na safari ya ndege ni ndefu kuliko zote tatu. Ukishafika, hata hivyo, mambo ni mepesi: kuna treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Narita mpaka chini ya chumba chako. Kwa mzee asiyetaka kupanda na kushuka magari, hilo ni jambo kubwa. Ijumaa kuna msikiti mkubwa wa Tokyo Camii, na chakula cha halali kinapatikana mjini kwa anayekitafuta.

Mfuko. Ghali, tena chumba cha kutazama kuba kinaongezewa bei. Ila usiku mmoja unatosha. Hamia hoteli ya kawaida usiku unaofuata na hutakuwa umepoteza kitu, kwa sababu stesheni yenyewe haikuombi kiingilio.

Inamfaa nani. Anayetaka treni hai na umati, anayepita Japani kikazi, mwenye watoto wanaopenda mashine, mzee anayehitaji lifti na hospitali karibu. Anayekwenda kutafuta upweke amekosea nchi.

Daraja la Selati, Afrika Kusini

Jengo na historia. Hapa jengo ni daraja. Linavuka mto Sabie pale Skukuza, ndani ya hifadhi ya Kruger. Reli ya Selati ilianza kujengwa miaka ya 1890 kufuata dhahabu, kampuni yake ikaingia kwenye kashfa za fedha, kazi ikasimama, njia ikakamilika 1912. Miaka ya 1920 treni za watalii zilisimama hapo usiku, abiria wakaona wanyama kutoka dirishani, na hamu hiyo ilichangia hifadhi kutangazwa mwaka 1926. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 treni ziliondolewa hifadhini na daraja likabaki na vyuma vyake.

Desemba 2020 mabehewa ya zamani yaliyofanyiwa kazi upya yaliwekwa juu ya daraja, vyumba 24, yakaitwa Kruger Shalati. Kuna vyumba vingine 7 nchi kavu kando ya daraja. Ukuta mmoja wa behewa ni kioo kutoka sakafuni mpaka juu, na chini yako ni mto.

Usiku. Kiboko. Fisi kwa mbali. Maji. Behewa halitikisiki na gurudumu haligongi kwenye maungio ya reli, jambo ambalo mtoto wa gadi atalikosa. Asubuhi tembo wakija kunywa unawaona ukiwa umejifunika shuka. Kwa mtu aliyekuwa akisafiri daraja la tatu na kuku miguuni, chumba kile hakifanani na behewa lolote analolijua, na ni haki kusema hivyo mapema. Ni hoteli ya kifahari yenye umbo la treni.

Safari na karatasi. Hapa ndipo penye nafuu. Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kwa matembezi ya muda mfupi. Unaruka mpaka Johannesburg, kisha ndege ndogo ya Skukuza au gari kwa saa tano au zaidi kidogo. Anayekwenda kwa gari aangalie saa za kufunga malango ya hifadhi, hayamsubiri mtu. Eneo lina malaria, sisi wa pwani tunajua la kufanya.

Mfuko. Bei ya usiku mmoja itakushtua, lakini ndani yake mna chakula na matembezi ya kuona wanyama, kwa hiyo usiilinganishe na chumba kitupu cha Tokyo. Weka mezani jumla yote: viza, ndege, chakula, hoteli. Nilipofanya hivyo kwa watu wawili, ile tofauti kubwa niliyoiona mwanzo ilipungua.

Inamfaa nani. Wanaopanga fungate, mpenda wanyama, asiye na muda wa kungoja viza. Wenye watoto wadogo waulize kuhusu vile vyumba vya nchi kavu. Mwenye kizunguzungu cha mahali pa juu asijilazimishe.

Aliye na siku tatu na nauli ya basi

Haya yote ni ya kupanda ndege. Kwa wengi wetu swali liko karibu zaidi.

Reli yetu ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika ardhi ambayo leo ni Tanzania Bara. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911, Arusha 1929. Mwaka 1963 ikaunganishwa na ya Kati kupitia Mnyusi na Ruvu. Baada ya miaka mingi ya kimya, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Inapita Korogwe, haishuki mpaka Tanga mjini. Kwa hiyo anayetaka behewa lenye kutikisika, lenye kitanda cha juu na cha chini na harufu ya vyuma, akate tiketi ya kulala Korogwe mpaka Moshi. Piga simu au fika stesheni kuulizia siku za treni, usitegemee ulichosikia mwaka jana. Karanga, chai ya chupa na blanketi beba mwenyewe, milimani alfajiri kuna baridi.

Anayetaka jengo la kale bila reli, Bagamoyo ipo. Hapo ndipo Wajerumani walipoanzia makao yao makuu kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Boma lao la mwaka 1897 lipo, na karavanserai waliyolala wapagazi ipo. Ujenzi wa reli ya Kati ulipoanzia Dar es Salaam mwaka 1905, misafara ya miguu ikaisha na Bagamoyo ikapoa. Kwa maana hiyo Bagamoyo ni mji ambao treni iliupita kando, na ukilala kwenye nyumba ya wageni ndani ya mji mkongwe utalihisi hilo vizuri kuliko kusoma.

Na stesheni ya Tanga? Pita uitazame, lakini omba ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha; reli ni mali inayolindwa. Nasikia watu wakisema igeuzwe hoteli. Sikatai. Ombi langu ni lile la Tokyo: hoteli iingie, treni isifukuzwe.

Kwa hali yako

Kama unachotaka ni dari na kuta, na una mwaka mzima wa kujipanga, anza karatasi za Schengen sasa uende Canfranc nje ya msimu wa theluji. Kama una ndugu Marekani au unakwenda na watoto, St. Louis itakugharimu kidogo zaidi ya nauli uliyokwisha kuipanga.

Kama unataka kuona stesheni ikifanya kazi, au unasafiri na mzee ambaye magoti yanamsumbua, Tokyo, usiku mmoja, chumba cha kuba. Kama fungate ni baada ya miezi miwili na hamjashika fomu yoyote ya viza, nendeni Sabie.

Kama unachokitafuta ni mtikisiko na honi, hakuna hata moja kati ya hizo tatu itakayokupa. Nenda Korogwe.

Juzi baada ya magharibi nilimsomea mama yote haya, nikamwonyesha na picha kwenye simu. Canfranc aliitazama muda mrefu, akauliza nani anafuta vumbi kwenye madirisha yote yale. Ya Tokyo ilimfurahisha. Ya Sabie alirudisha simu haraka, kiboko anamjua tangu utotoni mto Pangani.

Kisha akauliza, "Hiyo ya Korogwe inapita usiku?"

Nikamwambia inapita usiku.

"Kwenye benchi la kusubiria pana paa?"

Kaka ameambiwa asikate tiketi za ndege kwanza. Kesho nakwenda Korogwe kuliangalia hilo benchi.